Hotaru no Haka: upawa wa shangazi

Wazazi, msidanganywe na michoro. Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, ni filamu ya katuni, imetoka Studio Ghibli, watengeneza katuni wa Japani, na mwaka 1988 iliingia kwenye sinema za Japani pamoja na katuni yao ya watoto ya Totoro, lakini si ya kumwekea mtoto sebuleni ukaenda kupika. Mimi niliianza na mwanangu wa miaka sita. Dakika tano hazijaisha, mvulana anakufa njaa ameegemea nguzo ya stesheni. Nikazima, nikairudia usiku peke yangu.

Mvulana ni Seita, miaka 14. Hadithi inarudi nyuma hadi Juni 1945, Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Marekani zikimwaga mabomu ya moto juu ya mji wa Kobe. Mama anaungua, anafariki. Baba yuko jeshi la majini. Seita na mdogo wake Setsuko, wa miaka minne, wanakwenda kuishi kwa shangazi wa mbali.

Mabomu yanatisha, ila kilichonichoma ni chakula. Shangazi anauza kimono za marehemu mama yao apate mchele. Siku si nyingi, akipakua, anachota chini ya sufuria kwa bintiye, kisha juujuu, maji matupu, kwa wale yatima. Nimewahi kukaa kwa ndugu. Upawa ule naujua.

Wengi humlaumu Seita kwa kuondoka pale na kumhamishia mdogo wake kwenye handaki kando ya bwawa. Hata mimi nilimlaumu mara ya kwanza. Niliporudia nilimwona alivyo: mtoto anayemlea mtoto, anayebembea kwenye chuma cha uwanja wa shule ili dada yake anyamaze kulia, na dada hageuki kumtazama. Peremende za Setsuko zikiisha anatia maji kwenye kopo lake, anatikisa, Setsuko anayanywa na kutaja ladha moja moja.

Mwongozaji Isao Takahata alinusurika mabomu ya mji wa Okayama akiwa na miaka tisa, na Akiyuki Nosaka, aliyeandika hadithi yenyewe, alifiwa na mdogo wake kwa njaa mwaka huohuo wa 1945. Ndiyo maana hakuna kilichotiwa chumvi.

Itazameni kwa Kijapani, msome maandishi ya chini. Sauti ya Setsuko ni ya mtoto kweli, wa miaka mitano. Karibu na mwisho amelala, hana nguvu, amefinyanga matonge ya udongo, anamkaribisha kaka yake ale. Anaongea kama mwenye nyumba aliyepata mgeni.