Matembezi ya vilima vya chokaa kutoka Lubumbashi: kilabu kinatoa nini, na uulize nini kabla ya kulipa

Kilabu cha matembezi tunachokipima hapa hakina ofisi wala kibao barabarani. Watu huitana kwa simu katikati ya juma, hukutana alfajiri ya Jumamosi au Jumapili mjini Lubumbashi, basi dogo huwapeleka hadi mwanzo wa njia, na jioni huwarudisha. Njia zake ni tatu: vilima vya chokaa na dolomiti (jiwe la jamii ya chokaa, ila huyeyuka polepole zaidi) upande wa Kipushi, vilima vya Kakontwe karibu na Likasi, na mara mojamoja uwanda wa juu wa Kundelungu na maporomoko ya Lofoi. Njia ya Kipushi tunaisifu bila kusita. Hizo nyingine mbili zinategemea mno ni nani anayeongoza siku hiyo, na kwenye ardhi ya chokaa jambo hilo ni zito.

Uzito wake unatoka chini ya miguu. Maji ya mvua hubeba hewa ya kaboni kutoka angani na zaidi kutoka kwenye udongo, yanakuwa makali kidogo, na ukali huo unayeyusha chokaa polepole. Nyufa zinapanuka, vijito vinazama, na juu yanabaki mawe yaliyochongwa mifereji yenye kingo kali. Kati ya mawe hayo kuna mabonde madogo ya mviringo, na ndani ya kilima kuna matundu yasiyoonekana. Mawe ya Kakontwe yana umri wa zaidi ya miaka milioni 600, na Katanga ya kusini hupata mvua ya takriban milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Machi. Kazi ya kuyeyusha imekuwa na muda wa kutosha.

Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kumpima kiongozi ni jinsi anavyosoma nyasi. Mwenye ujuzi anajua dalili za shimo lililofunikwa: nyasi za kijani kibichi kuliko jirani zake wakati wa kiangazi, mti ambao matawi yake yako usawa wa macho yako kwa sababu shina limesimama bondeni, au udongo wenye ufa wa nusu duara. Ufa huo ndio wa hatari zaidi. Unaonyesha kwamba udongo wa juu umeanza kuteremka ndani ya mwanya wa jiwe, na mvua kubwa za mwanzo wa msimu ndizo humaliza kazi. Kiongozi mzuri hupapasa kwa fimbo, halafu anazunguka kwa mbali, mita tano au zaidi, na kila mtu anakanyaga alipokanyaga yeye. Asiyejua hukata moja kwa moja katikati kwa sababu ndiyo njia fupi.

Viongozi wawili bora wa kilabu hiki hubeba pia ndimu mfukoni. Wanavunja kipande cha jiwe, wanakamulia tone kwenye sehemu mpya: chokaa hutoa povu dogo papo hapo, dolomiti hukaa kimya mpaka uikwangue iwe unga. Kwa jaribio hilo utajua kwa nini kilima kimoja kina mawe makali na mashimo, na cha jirani ni laini na kimevaa miti. Watoto wanalipenda sana. Tungependa kila kiongozi alifanye.

Njia ya Kipushi iko kilomita 30 hivi kutoka mjini, kwa hiyo saa mbili asubuhi mnakuwa mmeshaanza kupanda. Ni matembezi ya kilomita 12 hadi 14, saa tano pamoja na mapumziko, bila mpando mrefu. Sehemu ya kwanza ni msitu wa miombo: miti ya miputu na mitondo, na katikati yake vichuguu vya mchwa vinavyopita urefu wa nyumba ndogo. Wanakijiji huvichimba kwa ajili ya matofali, kwani udongo wake hushikana vizuri na kuiva vizuri motoni. Ukiona kichuguu kilichokatwa upande mmoja, tazama jirani, utakuta tanuri. Baada ya hapo mnashuka kwenye dembo, mbuga ya nyasi isiyo na miti kwa sababu maji hukaa pale kipindi cha mvua. Hadi mwezi wa tano katikati ya dembo panaweza kukuzamisha hadi goti hata kama juu panaonekana pamekauka. Njia sahihi hufuata ukingo, pale nyasi zinapokutana na miti, na kilabu kinafuata ukingo hata kama inaongeza nusu saa.

Mahali pengine utaona uwazi wa aina tofauti kabisa: mgongo wa kilima hauna mti hata mmoja, umejaa nyasi fupi na maua madogo, huku msitu umesimama pande zote kama umekatazwa kuingia. Hapo udongo una shaba nyingi kupita kiasi ambacho miti inaweza kustahimili. Mmea mmoja wa hapo, Haumaniastrum katangense, una maua ya buluu ya zambarau na umewahi kuwaongoza watafuta madini. Usiung'oe. Mimea ya namna hii ina makazi machache sana, na kila mgodi mpya unameza kimojawapo.

Na hapo hapo ndipo penye matatizo ya kweli. Vilima vya shaba vingi viko ndani ya maeneo ya kampuni za madini, yenye walinzi, au vimetobolewa na wachimbaji wadogo. Shimo la mchimbaji lililoachwa ni jembamba, limesimama wima, na nyasi hulifunika ndani ya msimu mmoja tu wa mvua. Uliza kilabu, kabla ya kulipa, kama njia ya wiki hiyo inapita kwenye eneo lenye mwenyewe na kama ruhusa ipo. Jibu la "tutaongea nao tukifika" halitoshi. Beba pia karata yako ya utambulisho: upande wa Kipushi mpaka na Zambia hufuata mgongo unaogawa maji ya Kongo na ya Zambezi, na hakuna mto wala ukuta wa kukuambia kwamba umevuka.

Mpangilio wa msafara tunaukubali kwa sehemu. Watu ni kumi na wanne kwa wingi, kiongozi mmoja mbele, mmoja nyuma. Kosa linaloonekana ni pale wa nyuma anapokuwa mshiriki wa kawaida aliyeombwa asubuhi ile ile. Mtu huyo huchoka kungoja, anawapita wanaosuasua, na msafara unabaki bila mkia. Kwenye nyasi za mwezi wa nne, ambazo zinampita mtu mzima kimo, hatua kumi zinatosha kupotezana. Kanuni iwe rahisi: kila njia panda wote wanasimama, wanahesabiwa, ndipo wanaendelea.

Maji ndiyo huwaponza wageni wengi. Wanaona kijani kila mahali, wanadhani vijito viko karibu, lakini kwenye chokaa maji hayakai juu. Lita tatu kwa mtu mzima ni kiwango cha chini. Mwezi wa kumi weka nne. Kilabu hubeba bidoni moja ya akiba kwenye basi, ambayo haisaidii mtu aliye saa mbili mbali na barabara. Na chemchemi inayotoka chini ya jiwe la chokaa, hata ikiwa baridi na angavu, haijachujwa. Mchanga huchuja maji. Ufa wa chokaa huyapitisha tu kama bomba, pamoja na yote yaliyotoka kwenye vyoo na mazizi ya juu ya kilima. Chemsha, au tia kidonge cha klorini na ungoje nusu saa. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, maana tope hula klorini kabla haijaua vijidudu.

Viatu: vyenye soli ya meno na vinavyofunga kifundo. Buti za mpira, ambazo wengi huvaa kipindi cha mvua, huteleza vibaya kwenye chokaa iliyolowa. Glavu za kazi zitakuokoa mikono, kwa kuwa mtu akiteleza hushika jiwe, na jiwe hilo lina makali. Suruali ndefu, soksi juu yake, kwa ajili ya kupe na mbegu za nyasi.

Kuhusu mapango, kilabu kina sheria moja nasi tunaiunga mkono kwa moyo wote: mnafika mlangoni, hamwingii. Popo wakubwa wanaokula matunda, wale wa jamii ya Rousettus, hubeba virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kutoka damu. Kati ya mwisho wa 2007 na 2008 watalii wawili waliambukizwa baada ya kuingia katika pango moja la popo nchini Uganda, na mmoja wao akafa. Na kwetu Kongo, kati ya 1998 na 2000, ugonjwa huo uliua watu wengi huko Durba, kaskazini mashariki, wengi wao wachimba dhahabu waliokuwa wakishuka kwenye migodi yenye popo. Kiongozi akikubali kukuingiza ndani kwa sababu umeongeza pesa kidogo, mwache.

Kijijini ndiko kilabu hiki kinapofanya vizuri kuliko wengine. Kiongozi hutangulia peke yake, anamsalimu chifu au mwakilishi wake, anaeleza watu wangapi wanakuja na watapita wapi, na anakabidhi mchango mbele ya wazee, si pembeni. Msafara unaingia baada ya hapo. "Jambo sana, papa," "jambo sana, mama," kwa kila aliyeketi mlangoni, bila kuruka mtu. Picha huombwa. Pipi kwa watoto zimekatazwa, na ni sawa, kwa sababu wageni wakizoesha watoto pipi, msafara unaofuata unakimbiliwa na watoto kila mahali hadi porini.

Chakula huagizwa siku moja kabla: bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo), kuku wa kienyeji, wakati mwingine munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Usiagize asubuhi ya safari. Kutwanga sombe na kuichemsha mpaka iive vizuri si kazi ya saa moja, na kuku lazima akamatwe kabla hajatoka bandani. Kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili kuna masuku, matunda ya porini, na mvua zikishakolea akina mama huuza uyoga kando ya njia. Nunua kwao, lakini usichume mwenyewe hata kama unaona unafanana.

Jambo moja ambalo kilabu hakilisemi vya kutosha ni baiskeli za makala, yaani mkaa. Wanaume hushuka nazo kutoka porini wakiwa wamefunga magunia matatu au manne marefu, na mzigo wa namna hiyo ukishashika mteremko breki hazina la kufanya. Mwenye baiskeli anazuia kwa kisigino cha kandambili. Ukisikia kengele au mluzi nyuma yako, toka njiani upande wa juu wa mteremko, wote upande mmoja. Wakigawanyika pande mbili, yeye ndiye anayeanguka.

Kakontwe ina mawe mazuri zaidi. Jina la chokaa yenyewe wanajiolojia wamelitoa hapo. Tatizo ni barabara. Likasi iko kilomita 120 hivi, malori ya madini ni mengi, na siku nzima inaisha kwenye basi na vumbi. Pia kuna machimbo ya chokaa, na ukingo wa machimbo una mawe yaliyolegezwa na baruti. Kwa watu wanaopenda jiolojia inafaa. Kwa familia yenye watoto, hapana.

Lofoi ni safari nyingine kabisa: siku tatu, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970, kwa ruhusa ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za Kongo, na lazima hali ya usalama iulizwe kwao wiki ile ile. Maji huanguka zaidi ya mita 340 kutoka ukingo wa uwanda, na juu ni mbuga za nyasi zinazofikia mita 1,700 hivi. Jiwe la huko ni la mchanga, si chokaa, kwa hiyo vijito vinabaki juu na shida ya maji hupungua. Shida mpya ni baridi ya usiku mwezi wa sita na wa saba, na mbung'o, ambao huvutwa na nguo za buluu na nyeusi, vaa kaki. Nenda mwezi wa tano au wa sita. Ukifika mwezi wa tisa, maporomoko yamekonda sana. Kilabu kimetangaza safari ya Lofoi hadi Oktoba, na hilo tunalilaumu wazi, kwani wanaolipa hawaambiwi watakuta nini.

Kila njia ina bei yake moja, na nusu hulipwa mapema. Uliza inajumuisha nini: usafiri, viongozi, mchango wa kijiji, chakula. Kwa njia ya Kipushi vyote vinne vimo. Kwa Kakontwe chakula hakimo, na kwa Lofoi ada ya hifadhi hulipwa kando.

Kwa Kipushi chagua kuanzia mwisho wa mwezi wa tano hadi wa saba, ardhi ikiwa imekauka na anga safi. Agosti na Septemba moto wa porini umeshapita kila mahali, majivu yanapanda hadi puani. Mwezi wa kumi nyasi mpya na maua vinachipua juu ya ardhi nyeusi, na ndio wakati mzuri zaidi kwa macho, ila joto linapita nyuzi 30. Dai basi liondoke saa kumi na moja alfajiri. Mvua zikishaanza, hakikisha msafara umeshuka kutoka mgongo wa kilima kabla ya saa saba mchana, kwa kuwa radi za alasiri hupiga pale pasipo na miti kwanza.