Laptopu ya mtumba kwa Linux: usitoe hela kabla hujaiona waifai

Mwezi uliopita nilitoa laki nne na nusu pale Ngamiani, hapa Tanga, kwa laptopu inayong'aa kama sinia la harusi. Nikafuta Windows, nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Sauti ipo, kamera ipo, hadi taa za kibodi zinawaka. Waifai tu ndiyo haipo, si dhaifu, haipo! Kuirudisha dukani naambiwa, "Dada, umeiua mwenyewe na hiyo Linux yako."

RAM, SSD na kioo wameshawaelezeni wengine, mimi nang'ang'ania kadi ya waifai. Za Intel draiva yake (programu inayoiendesha kadi) imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, unawasha na inashika. Za Broadcom nyingi hutaka draiva ya kampuni, isiyo huria, na mara nyingi huna budi kuipakua. Kwa intaneti ipi, wakati ndiyo hiyo unayoitafuta? (Unaweza kuchomeka simu kwa waya wa USB ukatumia intaneti yake. Mimi lilikwenda bando zima.)

Basi nenda dukani na flashi yenye Mint. Ichomeke, washa laptopu huku ukibonyeza F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP, uchague flashi, iendeshe Mint bila kuisakinisha, kisha washa hotspoti ya simu yako. Laptopu isipoiona, aga uondoke.

Katika za kununua, namba moja ni ThinkPad T480 ya 2018, na sifichi mapenzi yangu. Ina betri mbili, moja ndani na moja nje, na ya nje unaibadilisha mashine ikiwa inawaka. Umeme ukikatika Makorora, mimi naendelea kuandika. Kadi yake ya waifai imechomekwa, haikuchomelewa, kwa hiyo ikifa fundi anaitoa kwa bisibisi. Na kibodi yake, jamani! Vidole vyangu haviitaki nyingine.

Ya pili Dell Latitude 7490, ya tatu HP EliteBook 840 G5, ingawa kati yao yoyote itakayopita mtihani wa flashi chukua. MacBook Air za 2013 hadi 2017 ni nzuri kwa macho, ila waifai yake ni Broadcom. Vile vilaptopu vya Celeron, prosesa dhaifu, vyenye hifadhi ya eMMC ya GB 32 tu, hapana.

Sasa bei. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nami nikajua mashine zinazokataliwa na Windows 11 zitashuka. Wapi! T470, ya prosesa ya kizazi cha 6 au 7 ambacho Windows 11 inakikataa, bado naitajiwa bei ya T480. Nikiuliza, naambiwa nauli ya mzigo kutoka Dar, kana kwamba laptopu ilikaa siti ya dirishani. Mwingine alinidai elfu ishirini za "leseni ya Mint", kitu kinachotolewa bure. Nilipoomba risiti ya hiyo leseni, akakumbuka ghafla kuwa kuna mteja anamsubiri kwa ajili ya chaja.