Uzoefu wangu: hadithi nzuri, jalada si lake

Kitabu hiki cha hadithi chenye kurasa 24 nilikinunua katika duka la vifaa vya shule hapa Mwanga, Kigoma, kwa ajili ya wanangu wawili. Hadithi yenyewe naisifu bila kusita, kwa maana Kiswahili chake ni safi, na binti anayemsaidia bibi yake kuanika dagaa mchangani ni mtu ambaye mtoto wa kando ya Ziwa Tanganyika anamfahamu. Malalamiko yangu yanahusu yale yanayoizunguka.

Jalada linamwonyesha binti huyo amesimama ndani ya mtumbwi, akipambana na samaki mkubwa kuliko yeye, ilhali ndani hakuna mtumbwi wala samaki wa namna hiyo. Mwanangu mdogo aliuliza kila ukurasa, "Mama, anaingia majini lini?" Bibi alipofika kwenye kueleza namna ya kuwahi kuwaanua dagaa kabla mvua haijanyesha, sehemu iliyoandikwa kwa ufundi kuliko zote, mtoto alikuwa anafunua kurasa za mbele kumtafuta samaki wake. Mhakiki wa Ufaransa, Gérard Genette, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1987 kwamba jina la kitabu, jalada na dibaji humwelekeza msomaji namna ya kuipokea kazi. Kwa mtoto asiyejua kusoma bado, mchoro wa jalada una nguvu zaidi, kwa kuwa ndio anaoweza kuusoma mwenyewe.

Mkubwa, aliye darasa la tatu, alikikataa kwa sababu juu yake pameandikwa "Darasa la Pili" kwa herufi kubwa kuliko jina la mwandishi. Nilipokivika karatasi ya kaki, kama tunavyovika madaftari, alikisoma chote. Lebo hiyo humsaidia mwalimu kuchagua, lakini ingetosha kukaa nyuma.

Kinachoniuma zaidi ni ukurasa wa mwisho. Bibi anamkabidhi binti ungo wake, na papo hapo, chini ya mchoro, yanaanza maswali: "1. Bibi alikuwa akianika nini?" Mwanangu, aliyekuwa ameanza kunisimulia habari za bibi yake wa Ujiji, alinyamaza akaenda kutafuta penseli.

Nitawanunulia pia watoto wa dada yangu, kwa kuwa hadithi inastahili. Kikichapishwa upya, namwomba mchapishaji ahamishie maswali katika kijitabu cha mwalimu, na ampe mchoraji mswada wote ausome kabla hajachora jalada.