Uzoefu wangu: PERL ya CarPro kwenye matairi ya IST

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kama unataka tairi limetemete kama kiatu cha bwana harusi, PERL, dawa ya kupaka matairi na plastiki ya kampuni ya CarPro, haitakuridhisha. Kama unataka tairi jeusi, kavu, lisilozoa kila vumbi la njiani, basi kwa dawa zote nilizowahi kupaka kwenye Toyota IST yangu, hii ndiyo nitakayoinunua tena.

Naishi Goba, na lami inaishia mbali kidogo na getini kwangu. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Kwa mazingira hayo dawa ya tairi yenye mafuta ni hasara tupu. Unapaka Jumamosi, Jumapili jioni ubavu mzima umevaa vumbi, tena limeng'ang'ania, halitoki kwa maji matupu.

Dawa za dukani kwa kweli ni za aina mbili tu, hata kama makopo ni mia. Kuna ile angavu au ya kupuliza, ambayo silikoni yake imeyeyushwa kwenye kimiminika cha jamii ya petroli. Hiyo inang'aa sana na inanata. Kuna nyingine nyeupe, rangi ya maziwa, ambayo silikoni yake imechanganywa na maji. Maji yakikauka, silikoni inabaki kwenye raba kama utando mwembamba. PERL ni ya kundi hili la pili.

Ya tatu haiuzwi dukani, ila ndiyo inayotawala mitaani. Sehemu moja ninapooshea gari, kijana alikuwa na chupa ya maji ya kunywa yenye kitu cheusi. Nilipomuuliza akanijibu bila kupepesa: dizeli na oili chafu. Tairi linatoka linawaka, mteja anatoa hela, anaondoka anafurahi. Lakini mafuta ya jamii ya petroli kama hayo yanaivimbisha raba na kuilainisha, na ukiyarudia rudia unalizeesha tairi kwa hela yako mwenyewe. Oili chafu ipakwe nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Wengine wanapaka mafuta ya breki, na hayo ni balaa zaidi, kwa sababu yakirukia bodi yanakula rangi.

Hizi za kupuliza nazo zina kero yake: zinaruka. Ukiondoka kabla hazijakauka, tairi likizunguka linazirusha kwenye fenda na milango, na unafika kazini una vitone vyeusi kuanzia chini ya mlango hadi karibu na kitasa. Ukipuliza siku ya upepo, nyingine inaishia kwenye kioo, halafu waipa zinaipakaza. Muulize fundi yeyote wa rangi anavyoichukia silikoni: ikibaki kwenye bodi, rangi mpya inakataa kukaa na kuacha vijishimo vidogo vidogo.

PERL yangu ya kwanza aliniletea shemeji kutoka Dubai, chupa ya lita moja. Bei yake ukiiona unashtuka, ila inachanganywa na maji. Kwa matairi naiweka nusu kwa nusu, hivyo lita moja inakuwa mbili. Kwa plastiki za nje unaweka sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji, na kwa dashibodi moja kwa tano. Ile plastiki nyeusi ya chini ya waipa, ambayo kwenye IST nyingi imeshapauka ikawa kijivu, ilirudi nyeusi kwa chupa hiyo hiyo. Ukipiga hesabu hivyo, kopo la bei rahisi si rahisi kama linavyoonekana.

Sasa kazi yenyewe, maana wengi wanaolalamika kwamba dawa haikai, tatizo lao haliko kwenye dawa. Liko kwenye kusugua.

Tairi lina rangi ya kahawia ambayo watu wanadhani ni uchafu wa barabara. Sehemu yake ni uchafu kweli, lakini nyingine inatoka ndani ya tairi lenyewe. Viwanda huchanganya kwenye raba kemikali ya kuzuia isipasuke kwa hewa ya ozoni. Kemikali hiyo hutoka polepole ikaja juu, na ikikutana na hewa inageuka kahawia. Tairi linapozunguka na kubonyea ndipo inapozidi kutoka, kwa hiyo hata gari linalotunzwa vizuri lazima matairi yake yapauke. Ongeza mabaki ya dawa ya wiki iliyopita, unapata tabaka ambalo dawa mpya itakaa juu yake na kuondoka nalo mvua ya kwanza.

Kwa hiyo naloanisha, napulizia sabuni kali ya kukata mafuta, nasugua kwa brashi ngumu. Povu la kwanza linatoka kahawia mbaya. Nasuuza, narudia, mpaka povu litoke jeupe. Siku hiyo ya kwanza mikono iliniuma na nikaona hii si starehe bali ni adhabu, ila ukishalisafisha hivyo mara moja, zinazofuata ni nyepesi mno. Halafu liache likauke kabisa. Maji yaliyojificha kwenye maandishi ya ubavuni yanatosha kuacha michirizi.

Kupaka ni dakika chache. Naweka kidogo kwenye sponji, si kwenye tairi, nazungusha ubavuni. Naliacha tairi liinywe kidogo, kisha nafuta ziada kwa kitambaa kikavu. Hapo kwenye kufuta ndipo wengi hawataki, maana wanaona wanaondoa hela yao, lakini inayobaki juu ndiyo inayoruka. Ukitaka weusi zaidi, paka mkono wa pili baada ya wa kwanza kukauka.

Kwangu inakaa wiki moja na kitu wakati wa kiangazi. Masika haifiki huko, na kwa anayepita kwenye madimbwi kila siku nisingemdanganya. Kasoro nyingine ni upatikanaji. Ukikosa, tafuta yoyote ya rangi ya maziwa ambayo lebo inasema msingi wake ni maji, nayo itakupeleka karibu na hapo.

Usipake kamwe kwenye kashata, sehemu inayokanyaga barabara, wala usiipulizie karibu na diski za breki. Na ndugu zangu wa bodaboda, tafadhali muiache kabisa: pikipiki inalala kwenye kona, na ubavu wa tairi unakaribia lami.

La mwisho linawahusu wanaonunua gari au matairi ya mtumba. Dawa inafunika nyufa. Ukiona matairi yanameta kuliko gari lenyewe, chukua kitambaa chenye sabuni ufute ubavu, kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Soma hizo kwanza, halafu ndiyo muanze kubishana bei.