TAHADHARI: Programu ya "kupanga stemu yenyewe" inayouzwa 85,000 kwa maprodyuza wa Dar

Wakuu, maprodyuza na mainjinia wa Sinza, Mbagala, Tandale na kwingineko, kuna mzigo unazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Muuzaji anasema yuko Kariakoo, ila dukani hapeleki mtu. Anauza programu ya kuingiza stemu (mafaili ya sauti ya kila sehemu ya wimbo, kama ngoma, besi na sauti ya mwimbaji) kwenye programu za kutengenezea muziki za FL Studio, Cubase, Pro Tools na Logic: unaipa folda, yenyewe inaweka kila faili kwenye traki yake (mstari wake), na majina na rangi juu. Bei 85,000, "unalipa mara moja tu", na hela inakwenda kwenye laini ya mtu binafsi, si Lipa Namba ya biashara.

Video yake ni nzuri, lakini iangalieni vizuri. Kompyuta inayoonekana ni Mac, mzigo anaokutumia ni .exe, yaani faili la kuendesha programu kwenye Windows. Logic Pro haina toleo la Windows, kwa hiyo hiyo .exe itaiendesha Logic ipi?

Sasa njoo kwenye faili lenyewe. Ni RAR (faili lililobanwa) ya MB 9 hivi, ina pasiwedi, na pasiwedi anakuandikia kwenye meseji. Pasiwedi hiyo haikulindi wewe, inazuia antivairasi isichungulie ndani. Ukiifungua, MB 9 zinageuka zaidi ya MB 700. Huo uzito ni sifuri tupu zimejazwa mwishoni mwa .exe, ndiyo maana zilibanwa zikawa si kitu. Sababu ya kuzijaza: VirusTotal, tovuti ya kupima mafaili kama yana virusi, haipokei faili linalozidi MB 650, na antivairasi nyingi huruka mafaili makubwa. Halafu linakuja agizo la "zima Defender kwanza, inaisumbua programu" (Defender ni antivairasi ya Windows yenyewe). Ukifikishwa hapo, acha. Mtu mwenye programu halali hana shida na Defender yako.

Ukibonyeza mara mbili, dirisha jeusi linatokea na kupotea, kisha unaambiwa kuna DLL (faili la msaada la programu) haipo. Ukimuuliza, anakwambia subiri apdeti. Hapo wezi wameshamaliza kazi: pasiwedi zote ulizohifadhi kwenye Chrome, pamoja na kuki (alama inayoiambia tovuti kwamba tayari umeingia) za akaunti ulizoziacha wazi, zimeondoka. Kuki ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inamwingiza mwizi kwenye Gmail na chaneli ya YouTube bila kuulizwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu, hata kama uliweka uthibitisho wa hatua mbili.

Kuna toleo la pili, lisilo na kirusi, ila nalo ni la kukula hela. Ni makro, yaani mfululizo wa amri zilizorekodiwa, inayosogeza mausi na kubonyeza sehemu zilezile za skrini. Laptop yako ikiwa na ukubwa wa maandishi 125%, inabonyeza hewa. Baya zaidi, kila swali inajibu "ndiyo". Kwenye Pro Tools, stemu za 44.1 kHz (idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde) zikiingia kwa Add (zilivyo) badala ya Convert (zikibadilishwa zilingane) kwenye sesheni ya 48 kHz, wimbo wa dakika 3:00 unaisha 2:45 na sauti inapanda karibu semitoni moja na nusu. Mwimbaji atadhani umemchezea.

Na kazi yenyewe ya kupanga stemu ni ya dakika mbili. Cubase, ukiingiza mafaili mengi kwa pamoja, inakuuliza yakae traki moja au tofauti. Reaper nayo inauliza ukiyaburuta. Kwenye Ableton Live, ukiyaburuta, shikilia Ctrl (Mac ni Cmd) kabla ya kuachia, kila faili likae traki yake. Cha kusisitiza kwa aliyekutumia stemu ni WAV (sauti isiyobanwa), zote zikianzia mwanzo wa wimbo, pamoja na BPM (kasi ya wimbo, mapigo kwa dakika). MP3 huongeza ukimya mwanzoni, unaweza kufika milisekunde 25 na kuzidi, na si kila programu inaukata. Kwenye singeli ya BPM 200 robo ya biti ni milisekunde 75, hapo kiki (ngoma kubwa ya biti) haikai mahali pake.

Kama ulishaifungua, chomoa intaneti. Usibadilishe pasiwedi kwenye mashine hiyohiyo, utawapa na mpya. Tumia simu au kompyuta nyingine: anza na barua pepe, toa vifaa vyote vilivyoingia, ndipo uende YouTube, Instagram na benki. Projekti na WAV zako nakili kwenye diski ya nje, .exe hata moja usiibebe, plagini (programu ndogo za ala na efekti) pakua upya kwa wenyewe. Kisha futa diski yote, upige Windows upya kwa flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine.

Hela ikiwa ndiyo kwanza imetoka, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako kabla jamaa hajafika kwa wakala. Namba yake iripoti kwa 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na meseji zake usizifute.