Pawabenki yangu ya Kariakoo: nyumbani safi, ndegeni iliniumbua

Niliinunua Kariakoo, mgongoni imeandikwa 20,000 mAh, na muuzaji akaniapia: "Dada yangu, hii unaenda nayo China unarudi, bado ina chaji." Kwa umeme wetu wa kukatikakatika sina la kuilaumu. Ilijaza simu yangu mara tatu bila kusuasua. Matumizi ya nyumbani naipa nyota nne.

Shida ilikuwa safarini. Nafuata mzigo Guangzhou mara mbili kwa mwaka, na siku zote nilichohangaika nacho ni kuweka simu kwenye hali ya ndegeni, maana niliaminishwa kwamba ukisahau, ndege inapotea njia. Kumbe hilo limekuzwa. Marekani walipokataza simu za mkononi angani mwaka 1991, hofu kubwa ilikuwa mitandao ya chini: simu iliyo juu inafikia minara mingi kwa mpigo na kuivuruga. Rubani naye anaweza kusikia masikioni ule mkwaruzo wa "dri-dri-dri" ambao redio ya nyumbani hutoa simu inapokaribia kuita. Fikiria unasikilizishwa huo wakati unapokea maelekezo ya kutua. Kwa hiyo bado naizima mitandao, na chaji nayo inadumu.

Betri ndiyo sikuwahi kuiwazia. Usiku mmoja tukitoka Dubai, simu ilinidondoka ikazama kwenye upenyo wa kiti. Nikashika kitufe cha kulaza kiti nichungulie. Mhudumu akanidaka mkono: "Usikisogeze, tafadhali!" Akaninyanyua mimi na baba wa kiti cha pembeni, aliyekuwa kashalala na viatu kavua, akapiga magoti na tochi mpaka akaipata. Alinieleza kwamba vyuma vya kiti vikiibana simu, betri ya lithiamu inapondeka, inaanza kujipasha moto yenyewe, na hapo inamwagiwa maji mengi mpaka ipoe, kwa sababu moto ukizimika unaweza kuwaka tena. Yule baba alikuwa bado anatafuta kiatu kimoja.

Ndiyo maana pawabenki haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege: zikiwaka huko, nani atazimwagia maji? Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado uwanjani Korea Kusini, na moto ulionekana kuanzia kabati la juu. Watu walitoka wote, namshukuru Mungu. Emirates nao, tangu 1 Oktoba 2025, wanaruhusu pawabenki moja kwa abiria, chini ya Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), usiitumie ndani ya ndege na usiiweke kabati la juu. Hesabu yake ni rahisi: 20,000 mAh zidisha kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata Wh 74. Nikajiona niko salama.

Basi nikaenda kupanda ndege ya ndani, Guangzhou kwenda Yiwu. China tangu 28 Juni 2025 kwa ndege za ndani wanataka pawabenki yenye alama ya 3C, yaani alama ya China ya kuthibitisha usalama wa bidhaa. Afisa aliigeuza yangu mbele, nyuma, akaisogeza kwenye mwanga. Alama hakuna. Hata ile 20,000 ya mgongoni ilishafutika kwa kusuguana na funguo mkobani, kwa hiyo hesabu yangu yote haikuwa na pa kushika. Akaninyooshea kidole sanduku lililojaa pawabenki za wenzangu. Nikaitumbukiza, nikapanda na simu yenye asilimia 11. Ndegeni naipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa kuwa haikuwaka moto.

Sasa nina nyingine, nimeinunua Yiwu hukohuko, alama ya 3C iko wazi. Maandishi yake nimeyabandika selotepu juu, funguo zisije zikayala kama ya mwanzo.