Uzito wa kweli wa pikipiki nyepesi za lami na porini: nilichokiona kwenye mizani

Kilo 142. Hiyo ndiyo namba ambayo Honda wanaiandika kwa CRF300L, na ndiyo pikipiki ninayoendesha, kwenye lami siku za kazi na kwenye njia za mawe nikipata nafasi. Swali ninaloulizwa sana ni kama kweli ni nyepesi hivyo. Ikitoka dukani, ndiyo. Baada ya hapo mambo yanategemea mwenye nayo.

Nilitumia mizani mbili za kidijitali, zile za kukanyaga za kupimia uzito wa mwili. Kwanza nilizijaribu kwa dumu la maji la lita 20, maana mizani za aina hii hupunja kilo moja huku na kuongeza moja kule. Kisha gurudumu la mbele juu ya moja, la nyuma juu ya nyingine, na kipande cha ubao juu ya kila mizani ili tairi lisikandamize kioo sehemu moja. Pikipiki isimame wima kabisa na anayeishika ashike kwa vidole viwili tu. Akiing'ang'ania, sehemu ya uzito inahamia mikononi mwake na namba inaanza kucheza. Mwenye mizani moja naye anaweza: gurudumu la pili analiweka juu ya mbao za kimo kilekile, anasoma, anabadilisha, anajumlisha. Tangi lilikuwa limejaa hadi shingoni, oili na maji ya rejeta ndani, vioo na betri mahali pake. Nyuma ilizidi mbele kwa kilo chache, na jumla ikasimama kwenye 143 na pointi. Tope lililokauka chini ya madigadi linatosha kueleza hiyo moja iliyozidi. Namba ya Honda naikubali.

Si kila namba unayokutana nayo ni ya namna hiyo. Kwa miaka mingi watengenezaji walipenda kutaja uzito mkavu, yaani pikipiki bila petroli, bila oili, na mara nyingine hata bila betri. Mfano ninaoupenda ni Suzuki DR650SE, kwa sababu imebadilika kidogo sana tangu 1996. Kwenye vipeperushi vya zamani ina kilo 147, kwenye vya karibuni ina 166. Chuma ni kilekile. Tangi lake la lita 13 linabeba petroli ya kilo tisa na nusu hivi (lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo), oili ni kilo mbili na kitu, betri nayo kilo kadhaa, na bado hujafika zile kilo 19 za tofauti. Sasa chukua mtu anayelinganisha namba ya mwaka 1998 ya pikipiki moja na namba ya 2020 ya nyingine: anaweza kuondoka akiamini kwamba ya cc 650 ni sawa kabisa na ya cc 250.

Ulaya wamejaribu kuliweka sawa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 168/2013 inataka pikipiki iliyo tayari kwa safari ihesabiwe pamoja na vimiminika vyake, na tangi likiwa na mafuta angalau asilimia 90. Ukiona namba isiyosema imepimwa vipi, jiongezee mwenyewe: petroli kwanza, halafu kilo tano au zaidi za vilivyobaki.

Ukizipanga kwa uzito wa tayari kuondoka, utaona zimebanana. Yamaha TW200 na Suzuki DR200S ziko kwenye 126 hivi. Yamaha XT250 ina 132, WR250R ina 134, Kawasaki KLX300 ina 137, yangu 142, Suzuki DR-Z400S 144. Honda XR650L, yenye injini zaidi ya maradufu ya yangu, ina 157. Yaani kutoka injini ya 200 hadi ya 400 tofauti ni kilo 18. Na wala usitegemee kwamba mpya ndiyo nyepesi: DR-Z4S iliyokuja kuchukua nafasi ya DR-Z400S ina 151, kwa kuwa ABS (breki zinazozuia gurudumu kujifunga) na vichujio vya moshi vina uzito wake. Honda kwa upande wao waliweza kuishusha CRF300L kilo 4 chini ya 250L iliyoitangulia, na zaidi ya mbili kati ya hizo zilitoka kwenye fremu peke yake. Hilo nawapa heshima yake, ingawa kilo nne peke yake sikuihisi nilipopanda zote mbili. Nilichohisi ni nguvu ya injini.

Kuna watakaosema: mbona KTM 500 EXC-F ina kama kilo 110 tu bila mafuta, na ina taa na namba za barabarani? Ni kweli, na ukiipanda porini unacheka mwenyewe. Lakini wepesi ule una bei yake. Oili yake ni kidogo, na matengenezo yake yanahesabiwa kwa saa za kuendeshwa. WR250R ya kilo 134 inakwenda kilomita 42,000 kabla ya kukaguliwa valvu. Mimi naendesha kwenda kazini. Sitaki pikipiki inayoniita gereji kila nikimaliza wikiendi moja nzuri.

Sasa nije kwenye yangu ilivyo leo. Bamba la aluminiamu la kukinga injini: kilo mbili na nusu. Vikinga mikono vyenye chuma ndani: kilo moja na kitu. Keria ya nyuma: mbili. Tangi kubwa lililochukua nafasi ya lile la lita 7.8, likijaa, linaongeza karibu tatu. Tyubu nene za kuzuia pancha zinaongeza mbili kwa magurudumu yote. Mifuko mitupu mbili. Spana, pampu, tyubu ya akiba na vyuma vya kutolea tairi: nne. Maji ya kunywa lita tatu, kilo tatu. Niliiweka tena kwenye mizani ikasoma 163. Hapo nimekaribia DR650SE ya watu, tena mimi sina injini ya 650.

Lakini kilo hizo 20 hazilingani, na hapa ndipo namba ya jumla inapokosa la kukuambia. Pikipiki ikilala chini huinui uzito wake wote. Matairi yanabaki kwenye ardhi kama bawaba ya mlango, na wewe umeshika usukani, ambao uko mbali na bawaba kuliko kitovu cha uzito. Kwa pikipiki ya kimo hiki unaanza na chini kidogo ya nusu: kwa kilo 143, mikononi inakuja 60 na ushee, na kadiri inavyosimama ndivyo inavyopungua. Lile bamba la chini ya injini liko karibu na ardhi, kwa hiyo kilo zake mbili na nusu zinaongeza kama nusu kilo tu mikononi. Kilo mbili na nusu hizohizo ukizifunga juu ya keria, mikononi zinaongeza karibu kilo mbili. Ndiyo maana spana zangu zilihama kutoka mkoba wa nyuma zikaenda kwenye kimkoba kilichofungwa chini, mbele ya bamba, na maji nayabeba mgongoni. Mizani haikuona tofauti kubwa. Mgongo uliiona siku ya kwanza kwenye kilima cha changarawe.

Kimo cha siti nacho kinadanganya hisia. WR250R ni nyepesi kuliko yangu kwa kilo nane, lakini siti yake iko milimita 930 kutoka chini na yangu iko 880. Kwa miguu yangu, ile nyepesi ndiyo iliyonipa wasiwasi nikisimama kwenye mteremko wa pembeni: ikishaanza kuinama, mguu unachelewa kufika. TW200, yenye siti ya chini ya milimita 800, inahisi nyepesi kuliko kilo zake kwa sababu miguu yote miwili inakanyaga ardhi kwa nafasi. Mtu mfupi anayetafuta pikipiki ya kujifunzia porini, ningemwambia aanze kukaa kwenye siti kabla ya kusoma karatasi.

Kupunguza kunawezekana pia, ila kunakula hela haraka. Betri ya lithiamu, niliyoifunga baada ya kipimo hicho, imeniondolea kilo mbili, na ndiyo kilo mbili rahisi kuliko zote. Asubuhi za baridi kali inakuwa nzito kuamka, nawasha taa dakika moja kisha inakubali. Ekzosti ya dukani ni pande la chuma, na za kubadilisha hupunguza kilo mbili hadi tatu, lakini nyingi huondoa kichujio cha moshi au huongeza makelele, na sehemu nyingi ni kosa kuendesha hivyo barabarani. Yangu nimeiacha. Boliti za titani sizizungumzii. Gramu zile utazirudisha kwa chupa moja ya maji.

Kwa matumizi ya mchanganyiko kama yangu, CRF300L naipa alama nzuri kwa uzito: siyo nyepesi kuliko zote, lakini ni ile waliyoisema. Kinacholalamikiwa na wengi ni shokapu laini, na kwa kilo 163 hilo nimelisikia: nyuma ilikuwa inazama hadi mwisho kwenye kila shimo. Nilibadilisha springi ya nyuma kwa ngumu zaidi, ikakaa sawa. Kama unapanga kubeba mizigo, weka hela ya springi kwenye hesabu tangu mwanzo, na ukienda kuichagua wape wauzaji uzito wako ukiwa umevaa helmeti, buti na mkoba mgongoni. Mimi navyo nazidi kilo kumi juu ya ninavyosoma nikiwa na fulana.